Tunakagua nyumba, mwenye nyumba hatumkagui: tusaidiane kabla ya kusaini mkataba wa pango

#1 MamaWawili

Ndugu zangu, habari za siku nyingi. Ninaandika nikiwa sebuleni kwa mdogo wangu Kinyerezi, mabegi na masufuria yamenizunguka, baada ya kuhama nyumba niliyokuwa nimeilipia kodi ya miezi sita na kukaa ndani yake wiki saba tu. Sitamtaja mtu wala mtaa kwa sababu shauri bado linasuluhishwa, lakini nitaeleza ilivyokuwa ili mwingine asipite nilikopita mimi.

Nyumba yenyewe haikuwa na kasoro. Vyumba viwili, sebule, jiko, choo cha ndani, maji ya DAWASA, LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ya peke yangu na geti linalofungwa. Niliikagua kama mtu anayechagua dagaa sokoni: nilifungua mabomba yote, nilivuta maji chooni mara mbili, nilitazama dari kama lina madoa ya mvua, nikawasha na kuzima kila taa. Aliyenipangisha alikuwa mzee wa heshima zake, kanzu safi, sauti ya taratibu, na kila jirani aliyepita alimwamkia. Nililipa, tukasaini mkataba wa kurasa mbili mbele ya dalali, nikahamia.

Wiki ya sita walikuja wanawake wawili na kijana mmoja. Walibisha hodi kistaarabu kabisa, wakakaa, wakanywa chai yangu, kisha wakatoa karatasi yenye muhuri wa mahakama ya mwanzo. Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yao. Mzee niliyemlipa ni kaka yao mkubwa, lakini msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa ni dada yao wa pili, na kodi yangu ya miezi sita walikuwa hawajaiona hata shilingi. Hawakunifukuza siku ile. Waliniambia tu kwamba hawaitambui, na kwamba nikitaka kuendelea kukaa nianze upya na wao. Nilipompigia mzee alisema, "Hao ni wadogo zangu, usiwasikilize," na tangu siku hiyo simu yake inaita bila kupokelewa.

Nimejiuliza sana ni wapi nilikosea, maana mkataba ninao, stakabadhi ninayo, na nyumba niliikagua. Nilichoacha kukagua ni mtu. Bomba likivuja fundi atakuja na kuondoka siku hiyohiyo, lakini mwenye nyumba nitakaa naye miezi yote niliyoilipia, na mimi nilimtazama uso na kanzu nikaridhika. Ningependa tuelezane hapa kwa undani: ni nani aulizwe habari za mwenye nyumba, ni karatasi gani ziombwe, na ziombwe kwa maneno gani bila kumvunjia heshima mtu mzima? Hilo la mwisho ndilo lililonishinda. Nilimwona mzee, nikaona aibu kumwambia anionyeshe kwamba nyumba ni yake.

#2 DalaliMstaafu

Pole sana, dada yangu. Nilifanya udalali miaka kumi na moja upande wa Tabata, Segerea na Kimara, na sasa nina biashara nyingine, kwa hiyo ninaweza kusema yale ambayo aliye kazini hawezi kuyasema.

Kwanza uelewe dalali anaishije. Mpangaji akiingia, ninapata kodi ya mwezi mmoja. Akikaa miaka minne, sina changu tena pale. Akihama baada ya miezi sita, ninaipangisha tena nyumba ileile na kupata tena kodi ya mwezi mmoja. Sisemi kwamba madalali wote wanaombea wapangaji wahame, lakini ukweli ni kwamba zipo nyumba ambazo kila dalali wa eneo anazijua kuwa hazikai na mtu, na hakuna atakayekwambia kwa hiari yake. Mimi nilikuwa na nyumba moja ambayo niliipangisha mara tano ndani ya miaka mitatu. Ilikuwa nzuri, yenye malumalu na kabati za jikoni, na mama mwenye nyumba alikuwa akiishi nyuma. Alikuwa na tabia ya kuingia ndani ya mpangaji wakati mwenyewe yuko kazini, eti kuangalia kama pasi imezimwa.

Kwa hiyo swali la kumuuliza dalali si kama mwenye nyumba ni mtu mzuri, kwa sababu jibu lake unalijua. Muulize: "Nyumba hii umeipangisha mara ngapi?" Kisha: "Aliyetoka amehamia wapi, na naweza kupata namba yake?" Tazama anavyojibu la pili. Mpangaji aliyeondoka kwa amani hupatikana kwa urahisi, kwa kuwa bado watu wanampigia kuhusu barua zake au kabati aliloliacha. Yule aliyeondoka kwa ugomvi ghafla huwa amesafiri, amehamishiwa mkoani, au namba yake imepotea.

Huyo aliyetoka ndiye shahidi wako wa kwanza. Usimuulize kama mwenye nyumba ni mkorofi, kwa kuwa Mswahili hapendi kumsema mtu kwa asiyemjua. Muulize mambo yaliyotokea: kitu kilipoharibika kilichukua siku ngapi kutengenezwa, na nani alitoa hela? Kodi ilipanda mara ngapi, na aliambiwa mapema kiasi gani? Alipohama, walikagua nyumba pamoja au alirudisha funguo na kuondoka? Majibu ya maswali hayo matatu yatakuchorea mtu mzima mbele yako.

Baada yake muulize Mangi wa duka la karibu. Yeye huona nani ananunua umeme, nani anakopa na nani kahama usiku. Usiende kama mpelelezi, nunua sabuni na soda, uketi kidogo. Na rudi kwenye nyumba peke yako bila dalali, siku ya kazi kati ya saa moja na saa mbili usiku. Dalali mzuri hukupeleka mchana, saa ambayo jirani mwenye spika kubwa yuko kazini na foleni ya kisimani haijaanza.

#3 KijanaWaMabibo

Nashukuru kwa maelezo, ila naomba niulize kwa niaba yetu sisi wa chumba kimoja. Mimi natafuta chumba cha shilingi elfu sabini kwa mwezi maeneo ya Mabibo au Kigogo, choo cha nje, wapangaji saba. Nikianza kumwuliza mwenye nyumba habari za hati, mirathi na wapangaji waliopita, si atampa mwingine kabla sijamaliza sentensi? Vyumba vya bei hiyo havikai hata siku mbili.

#4 DalaliMstaafu

Ni kweli, kijana wangu, hapo nguvu ya kuchagua ni ndogo. Lakini una kitu ambacho mpangaji wa nyumba nzima hana: wapangaji wenzako sita wako palepale uani, wanafua na kupika. Kaa nao nusu saa. Uliza nani amekaa muda mrefu kuliko wote. Kama wa muda mrefu ana miezi minane, umeshapata jibu. Kama yupo mama ambaye amezalia watoto wawili katika nyumba hiyo, mlipe mwenye nyumba hata leo jioni.

Jambo la pili, jitahidi kulipa miezi mitatu badala ya sita, hata kama itabidi uongeze elfu tano kwa mwezi. Miezi mitatu ya kwanza ni ya kumsoma mtu.

#5 KaraniMstaafu

Nimefanya kazi ya ukarani katika mabaraza yanayoshughulikia migogoro ya ardhi na nyumba, na mikasa kama ya mleta uzi nimeiandika kwa mkono wangu zaidi ya ninavyoweza kuhesabu. Nitaeleza upande wa karatasi, nami naomba radhi kwa urefu.

Wengi hawafahamu kwamba zamani tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ile ya mwaka 1984, iliyokuwa inamlinda mpangaji dhidi ya kupandishiwa kodi ovyo na kutolewa bila amri. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo uhusiano wa mpangaji na mwenye nyumba unaongozwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 pamoja na yale mliyoyaandika wenyewe katika mkataba. Maana yake ni kwamba hakuna ofisi itakayomzuia mwenye nyumba kuongeza kodi muda wa mkataba unapokwisha. Kinga yako yote imo katika mkataba na katika tabia ya mtu uliyesaini naye, na ndiyo maana ninaona mleta uzi ameshika jambo lenyewe.

Swali la kwanza ni kama mtu huyu ana mamlaka ya kupangisha. Hapa Dar es Salaam sehemu kubwa ya nyumba zetu ziko katika maeneo yasiyopimwa, kwa hiyo usitegemee kila mtu awe na hati miliki. Wapo wenye leseni ya makazi, na wapo wenye karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na serikali ya mtaa tu. Zote hizo zinakubalika kwa kazi yako, kwa kuwa hununui nyumba, unataka tu jina lililo kwenye karatasi lifanane na jina lililo kwenye kitambulisho cha NIDA cha mtu atakayesaini. Yakitofautiana, sikiliza maelezo. Kama ni marehemu, uliza msimamizi wa mirathi ni nani na uone barua ya uteuzi wake kutoka mahakamani, kwa maana ukubwa wa kuzaliwa hauwi mamlaka. Kama mwenyewe yuko Mwanza au Muscat na aliye mbele yako ni mwangalizi, omba uone barua au hati ya uwakilishi, kisha mpigie mwenyewe simu ya video. Na kama ni nyumba ambayo mume na mke wanaishi au waliishi, kumbukeni kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971: nyumba ya ndoa haiuzwi, haitolewi zawadi, haiwekwi rehani wala haipangishwi bila ridhaa ya mwenza. Sahihi ya mama iwepo pembeni ya sahihi ya baba. Ni mstari mmoja tu, na nimeona ukiokoa watu.

Swali la pili ni kama nyumba yenyewe itakuwepo mwakani. Tembea kuizunguka na utazame kuta, hasa ukuta wa barabarani, kama kuna alama ya X, ile ya nyumba inayotakiwa kubomolewa, au mahali palipopakwa rangi mpya pasipofanana na kwingine. Mwaka 2017, Barabara ya Morogoro ilipokuwa ikipanuliwa kutoka Kimara kuelekea Kibaha, nyumba nyingi zilivunjwa, na waliokuwa ndani hawakuwa wenye nyumba peke yao. Ndivyo ilivyokuwa pia bonde la Msimbazi mwishoni mwa mwaka 2015. Mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka katika nyumba yenye X hana wa kumdai zaidi ya mtu ambaye naye amebaki na kifusi. Bonde la Msimbazi lina lake jingine: waulize majirani maji ya mwaka 2011 yalifika wapi ukutani. Wazee wa pale watakuonyesha kwa kidole.

Yote haya mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mjumbe huwa anayajua. Nenda ofisini kwake kabla ya kulipa, jitambulishe kwamba unataka kuhamia, ukamwambie mkataba utasainiwa mbele yake. Nimegundua kwamba mtu asiye na mamlaka ya kupangisha hukubali kila kitu isipokuwa hicho. Atasema mwenyekiti ana gubu, au anataka hela, au ofisi iko mbali.

Mwisho, msitishwe wala msifarijiwe kupita kiasi na neno "baraza". Tangu mwaka 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Mkishindwana hapo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko mambo huchukua muda mrefu kuliko kodi uliyokuwa unaidai.

#6 FundiBombaNaUmeme

Karani ameeleza karatasi, mimi niseme vitu ninavyoviona nikiwa na tochi mdomoni. Nyumba humsema mwenyewe. Angalia mahali palipowahi kuharibika na jinsi palivyotengenezwa. Bomba lililofungwa kwa mpira wa baiskeli, soketi iliyoungua ikazibwa kwa gundi ya karatasi, dari lililopakwa rangi juu ya doa bila bati kubadilishwa: hizo ni barua tatu ambazo mwenye nyumba amekuandikia kuhusu utakavyoishi naye. Nyumba ya zamani iliyotengenezwa vizuri ni afadhali kuliko mpya ambayo haijapata mtihani.

Kuhusu LUKU, omba namba ya mita na ununue umeme wa shilingi elfu mbili kabla hujalipa kodi. Ni hasara ndogo. Usome ujumbe wote unaokuja, si zile tarakimu ishirini pekee. Kama mita ina deni, utaona limekatwa. Nilimwunganishia taa kijana mmoja ambaye alihamia na kukuta kila anaponunua umeme sehemu inamezwa na deni la mpangaji aliyehama, na mwenye nyumba alikuwa analijua.

Katika ujumbe huohuo, manunuzi ya kwanza ya kila mwezi hukatwa kodi ya jengo, ambayo kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa ni shilingi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo, haikuhusu wewe mpangaji, ingawa inapita kwenye umeme wako. Muulize mwenye nyumba mnafanyaje kuhusu hiyo. Fedha ni ndogo, lakini majibu yake ni makubwa. Wapo wanaosema, "Andika, tutakata kwenye kodi ijayo," na wapo wanaobadilika uso kwa shilingi elfu moja na mia tano.

Kama LUKU ni ya pamoja, uliza nani anakusanya hela na kwa hesabu gani. Pia fahamu kwamba ile bei ya chini ya umeme ni ya mita isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, na familia nne kwenye mita moja hazibaki humo, kwa hiyo nyote mnalipa bei ya juu hata yule mwenye balbu moja na simu. Na chemba, yaani shimo la majitaka ya choo: uliza ilinyonywa lini mara ya mwisho na nani alilipia gari. Mkizungumza habari ya chemba kabla ya kuhamia mtacheka, mkiizungumza baada ya kujaa mtagombana.

#7 BabaGeti

Mimi ni mwenye nyumba, nina vyumba tisa vya kupangisha, na nimesoma uzi huu nikiona kama ninavuliwa shati. Naomba nami nisikilizwe.

Kuulizwa si tatizo, namna ya kuulizwa ndiyo tatizo. Alikuja kijana mmoja kwangu, hakunisalimia vizuri, akaanza, "Nionyeshe hati." Nilimwambia chumba kimepata mtu, na hakikuwa kimepata. Wiki iliyofuata akaja dada mmoja, akaamkia, akakaa, akasema, "Baba, naomba kufahamu, nyumba hii ni yako mwenyewe au unaisimamia kwa niaba ya familia? Nauliza kwa sababu niliwahi kupata shida." Nilimletea karatasi mwenyewe bila kuombwa. Swali ni lilelile.

Pili, mjue kwamba nasi tunawakagua. Ninampigia mwenye nyumba wake wa zamani. Mpangaji akikataa kunipa namba hiyo, namwona kama mnavyomwona dalali aliyepoteza namba ya mpangaji aliyehama. Kwa hiyo tubadilishane: nipe namba ya mwenye nyumba wako, nami nikupe namba ya aliyetoka kwangu.

Na nikiri jambo moja. Wako wenzangu wanaotaka mkataba uandikwe kodi ndogo kuliko inayolipwa, hasa tangu mwaka 2022 iliposemwa kwamba hata mpangaji wa kawaida akate asilimia 10 ya pango kabla ya kumlipa mwenye nyumba, ndiyo kodi ya zuio, na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato. Mwenye nyumba akikwambia, "Tunalipana laki tatu lakini tuandike laki na nusu," mnafikiri anaikwepa serikali tu. Siku mkigombana, fedha utakayoweza kuidai kwa maandishi ni hiyo laki na nusu.

#8 KaraniMstaafu

Namuunga mkono BabaGeti kwa hilo la mwisho, na ninaongeza kwamba malipo yapite benki au kwa simu badala ya mkononi. Ukituma kwa simu, jina la mwenye namba hutokea kabla hujathibitisha. Ukiona jina ambalo si la aliyesaini, simama hapohapo, hata kama ameshakukabidhi funguo.

#9 MvitaJuu

Asalaam aleikum. Mimi niko Mombasa na nataka kuongeza la huku, kwa sababu lina sura yake. Hapa kwetu, hasa Majengo, kuna kitu kinachoitwa nyumba bila ardhi: mtu amejenga nyumba na nyumba ni yake kweli, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine anayelipwa kodi ya ardhi. Mpangaji anaweza kumkagua mwenye nyumba akaridhika naye kabisa, kisha mwenye ardhi akauza kiwanja, na nyumba ikaondoka na wote waliomo. Kwa hiyo huku hatuulizi tu nyumba ni ya nani. Tunauliza pia ardhi ni ya nani, na kama kodi yake imelipwa.

La pili ni amana. Kawaida yetu ni kodi ya mwezi mmoja pamoja na amana ya mwezi mmoja, na ugomvi mkubwa si wa kuingia, ni wa kutoka, pale mwenye nyumba anapoizuia amana akisema ni ya rangi. Kabla ya kulipa, mwulize mtunza nyumba ni nani wa mwisho kurudishiwa amana yake yote. Akifikiri kwa muda mrefu, nawe fikiri. Piga picha kila ukuta siku ya kwanza na umtumie mwenye nyumba siku hiyohiyo, ili tarehe ibaki. Sheria yetu ya Kenya ya kudhibiti kodi bado ipo, lakini inahusu nyumba za makazi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na sijui ni nani mjini aliyebaki na nyumba ya bei hiyo.

#10 KijanaWaMabibo

Nimefanya kama nilivyoelekezwa. Nilikaa uani Kigogo na kina mama wawili waliokuwa wakimenya viazi. Mmoja amekaa miaka sita. Nilipouliza kuhusu mwenye nyumba walitazamana, wakacheka, wakasema, "Ana kelele lakini hana ubaya." Nimelipa miezi mitatu. Kelele nimeanza kuzisikia tayari, ni za taa ya choo kuachwa ikiwaka.

#11 MamaWawili

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki tatu. Kwanza habari ya shauri langu: tulikaa kwa mwenyekiti, na mzee ameandika kwamba atarudisha kodi ya miezi minne kwa awamu. Awamu ya kwanza imeingia. Za mbele tunasubiri.

Nyumba nimepata Segerea, lakini kabla yake nilizikataa mbili. Ya kwanza mwenyewe alikuwa mchangamfu, akanionyesha karatasi ya mauziano yenye jina lake, nikafurahi, mpaka nilipomwambia tutasaini kwa mwenyekiti. Alisema mwenyekiti wao ana gubu. Karani, nilikukumbuka, na nikashindwa kuzuia kicheko mbele yake. Ya pili ilikuwa ya mama mmoja mpole sana, na kwa kweli sikuona kosa lake hata moja, ila mpangaji anayehama aliniambia kwamba pampu iliharibika mwezi wa Ramadhani ikatengenezwa baada ya Idi ya pili. Nina watoto wawili. Nilishukuru nikaondoka.

Hii ya tatu ni ya urithi vilevile, na nusura niikimbie kwa hilo peke yake. Nikatumia maneno ya BabaGeti kama yalivyo. Yule mama akasema, "Ya familia, mwanangu, mimi ni msimamizi," akaingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki. Ndani kulikuwa na barua ya mahakama, na nyuma yake karatasi ya mkono iliyosainiwa na wadogo zake wanne kwamba wamekubali nyumba ipangishwe na kodi igawanywe. Aliniambia kwamba hakuna mpangaji aliyewahi kuiomba ile karatasi, na kwamba aliiandika kwa ajili ya wadogo zake, hakuwaza wapangaji.

Nilinunua umeme wa elfu mbili, hakukuwa na deni. Kodi ya jengo tumekubaliana aikate kila baada ya miezi sita, na imeandikwa. Chemba tutachangia nusu kwa nusu, imeandikwa pia. Nilipomtumia fedha, jina lililotokea kwenye simu lilikuwa lake, herufi kwa herufi. Tulipofika kwenye kitasa alisita kidogo, kwa sababu nilitaka nibadilishe na yeye asibaki na funguo bila mimi kujua. Mjumbe alitoa wazo kwamba funguo ya akiba ikae kwenye bahasha iliyogundishwa, tusaini wote juu ya kifuniko, aishike mama, na siku ikifunguliwa nijulishwe siku hiyohiyo. Fundi kamaliza jana jioni. Bahasha iko kabatini kwake, juu ya ile ya kaki.